Mama Pelagia na Hewa ya Kapalamsenga: Miaka Thelathini na Mitatu Kazini

Siku ya Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Bi. Pelagia Celestin, mpimaji mwandamizi wa kituo chetu cha Mpanda, atakabidhi funguo za stoo ya Misunkumilo na kustaafu akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Atakuwa amefanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda wote huo hakuwahi kupewa onyo. Alipewa barua moja tu ya tuhuma, na aliyeiandika ni mimi. Wahariri wa jarida hili waliponiomba niandike wasifu wake niliwakumbusha jambo hilo. Wakanijibu kwamba wanalijua, na kwamba Bi. Pelagia mwenyewe ndiye aliyependekeza jina langu.

Bi. Pelagia alizaliwa mwaka 1944 kijijini Kapalamsenga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Baba yake, Mzee Celestin, alikuwa fundi wa mitumbwi. Mama yake alitoka juu Ufipani, na shingoni alikuwa na rovu kubwa ambalo watoto wa jirani walilicheka. Akiwa shuleni kwa masista, Pelagia aliambiwa kwamba rovu hutokana na upungufu wa madini joto katika chakula, na kwamba madini hayo yamejaa baharini lakini bara ni haba. Anasema siku hiyo aliuliza kwa nini upepo usiyalete.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1966 kama mpima mvua. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuidumisha: kila siku saa tatu asubuhi, sikukuu au msiba, kusoma kipimo na kuandika. Daftari lake la mwaka 1971 bado lipo, na lina mstari ambao wapimaji wapya huonyeshwa hadi leo: "14 Aprili. Hakuna kipimo. Mbuzi amekunywa." Msimamizi wake wa wakati huo aliona ni aibu, akamtaka akadirie tu milimita kadhaa, ajaze. Pelagia alijibu kwa maandishi kwamba yeye alimkuta mbuzi, hakuikuta mvua. Wiki iliyofuata aliomba wavu wa kuzungushia kipimo, akapewa.

Miaka ishirini na minne ilipita hivyo. Aliolewa na Bwana Silvesta, fundi cherehani wa pale mjini, wakapata watoto wanne. Alipanda cheo mara mbili. Pengine wasifu huu ungeishia hapo kwa aya tatu na picha moja, kama mwaka 1990 mradi wetu usingefika Mpanda.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, nieleze kwa ufupi tunachokifanya. Katika hewa tunayovuta kuna gesi zenye iodini, ile ambayo kwenye chumvi tunaiita madini joto. Ni kidogo mno: katika kila chembe trilioni moja za hewa, gesi ya methili iodaidi huwa chembe mbili au tatu. Hata hivyo kiasi hicho kidogo kina kazi kubwa. Jua likiipasua gesi hiyo, iodini yake hula ozoni, halafu hushuka na mvua na kuingia ardhini. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba karibu yote hutoka baharini. Sisi tulitaka kujua hali ikoje mahali palipo mbali kabisa na bahari, na Mpanda ilifaa kwa sababu hiyo.

Hewa hukusanywa kwenye mitungi midogo ya chuma iliyokwisha nyonywa hewa yake yote. Mpimaji hufungua vali, mtungi hujaa kupitia mpira mrefu ulioelekezwa juu ya mlingoti, vali hufungwa. Mtungi unasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, na huko maabara tuna mashine iitwayo spektromita. Mashine hiyo huvunja gesi vipande vipande, hupima uzito wa kila kipande, na kuchora vilima kwenye karatasi. Methili iodaidi huonekana kwenye namba 142. Kila gesi ina namba yake, na namba haidanganyi. Anayeisoma ndiye anayeweza kukosea.

Bi. Pelagia alipewa vituo viwili. Kimoja kilikuwa Misunkumilo, pembeni mwa mji, kwenye nyumba tuliyopanga. Cha pili kilikuwa kwao Kapalamsenga, kwenye kilima kidogo juu ya ziwa. Kila kituo kilikuwa na mlingoti wake na mpira wake. Mitungi ya kwanza ilipaswa kusafiri Machi 1991, lakini karani wa mizigo hakujua aiandike nini. Alipouliza ndani kuna nini akaambiwa hewa. Akaandika "mitungi mitupu". Bi. Pelagia akakataa, kwa sababu mtungi ukiandikwa mtupu mtu ataufungua bila wasiwasi. Walibishana hadi kengele ya kwanza ikapigwa. Hati ya mzigo iliyotufikia ilisomeka: "Mitungi kumi na miwili. Hewa ya Kapalamsenga na Mpanda. Isifunguliwe." Tangu hapo pale stesheni walimwita Mama Hewa, na kwenye maduka jirani mfanyabiashara Sadalla alikuwa akimuuliza kila wiki kama bei ya hewa imepanda.

Miaka mitatu ya kwanza vipimo vilikuwa vya chini, vimetulia, kama tulivyotegemea. Mwaka 1994 vikabadilika. Kuanzia Februari namba 142 ilianza kupanda katika mitungi ya vituo vyote viwili. Mingine ilikuwa na kiasi mara tano ya kawaida, mingine mara nane. Mkuu wa mradi aliniuliza ninaonaje, nami nilikuwa na jibu tayari. Niliamini mpimaji amezembea. Mtu anayepaka dawa ya kidonda kisha akashika vali anaweza kuharibu mtungi mzima. Nilimhesabu kuwa ni mama wa bara aliyesoma hadi darasa la nane, kazi yake ya asili ni kupima mvua, na hiyo ikanitosha kuwa ushahidi.

Mwanzoni mwa Septemba niliandika barua. Nilisema kwamba sampuli zote za mwaka huo, kutoka vituo vyote viwili, zimechafuliwa na zitatupwa, na kwamba mradi unapendekeza kituo cha Mpanda kifungwe ifikapo Desemba. Nilimtaka aeleze kwa maandishi ni uzembe gani uliotokea. Sikumuuliza kama ulitokea.

Hakuandika maelezo. Siku kumi na mbili baadaye alitokea mlangoni pa maabara, amesafiri siku tatu, na kapu lenye madaftari manne. Alisalimia kila mtu kwa zamu, kisha akasema ameipata barua na amekuja kuona karatasi za mashine. Nilimwambia karatasi hizo zinahitaji utaalamu. Alikubali kwamba hana utaalamu, akaomba azione hivyo hivyo. Mwenzangu Monika, ambaye alikuwa na adabu kuliko mimi, akamvutia kiti.

Alizipanga mezani kwa mpangilio wa tarehe, karatasi sitini na mbili. Alitumia asubuhi nzima kulinganisha kila moja na daftari lake, akiandika kwa penseli pembeni M kwa Misunkumilo na K kwa Kapalamsenga. Mimi nilikuwa nimezichanganya zote pamoja. Nilipopita na kikombe cha chai aliniita, akaniwekea kidole kwenye kilima kidogo upande wa kulia wa karatasi, akauliza hiki ni nini. Kilikuwa kwenye namba 156. Nilimwambia ni ethili iodaidi, ndugu ya ile tunayoitafuta, haituhusu. Akauliza kwa nini kipo kwenye karatasi za M zote na hakipo kwenye karatasi ya K hata moja.

Niliweka chai mezani, nikazipitia upya. Nilikuwa nimezitazama karatasi hizo kwa miezi saba, macho yangu yakiwa kwenye namba moja tu.

Ethili iodaidi haipatikani hovyo. Hujitengeneza, pamoja na methili iodaidi yenyewe, pale iodini inapokaa muda mrefu pamoja na spiriti, kama ilivyo katika dawa ya zamani ya kusafishia vidonda. Nilipomweleza hivyo, Bi. Pelagia alirudi kwenye daftari lake. Kisha akaeleza kwamba Januari paa la stoo lilivuja, akahamishia vifaa kwenye chumba cha nyuma. Chumba kinachofuata alikuwa amepanga Masalu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na ambaye huuza dawa za mifugo. Masalu alikuwa na dumu la dawa ya iodini ya kupaka vitovu vya ndama, la miaka mingi, kifuniko kimepasuka. Harufu yake ilipita juu ya ukuta, na mpira wa Misunkumilo, kila ulipomaliza kazi, ulikuwa ukining'inia kwenye ukuta huo huo. Alikuwa ameisikia harufu hiyo kila siku bila kufikiri kwamba mpira nao unaivuta.

Akagawa karatasi mafungu mawili. Akasukuma fungu la M upande wangu.

"Hili ni kosa langu," alisema. "Hili la Kapalamsenga siyo."

Alikuwa ameuleta ule mpira, umefungwa kwenye khanga chini ya kapu. Tulipitisha ndani yake gesi safi kutoka mtungi wa maabara na kuielekeza kwenye mashine. Kilima cha 156 kikatokea mbele ya macho yetu sote, na cha 142 kando yake. Hapakuwa na ubishi tena.

Lililofuata ni jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Mkuu wa mradi alikuwa safarini, na ripoti ya tukio nilipaswa kuiandaa mimi. Niliona haya kwa ile barua. Nilimfuata uani alipokuwa amepumzika, nikamwambia kwamba naweza kuandika kuwa sampuli za Misunkumilo ziliharibika njiani. Hakuna ambaye angefuatilia, na jalada lake lingebaki safi miaka mitano kabla ya kustaafu. Nilidhani namfanyia wema.

"Mwanangu, njiani hakukuharibika kitu," alisema. "Ukiandika uongo kwenye zile thelathini na moja, hizi za Kapalamsenga nani ataziamini? Andika Pelagia aliweka mpira mahali pabaya."

Niliandika hivyo. Sampuli thelathini na moja zikafutwa, na yeye akazipigia mstari mmoja mmoja kwenye daftari kwa wino mwekundu, akasaini kila mstari. Zile za Kapalamsenga zikabaki. Mkuu wa mradi aliporudi alisoma ripoti, akasema kituo kiendelee kwa mwaka mmoja ili ijulikane iodini ya Kapalamsenga inatoka wapi. Isipojulikana, kifungwe.

Jibu la awali lilikuwa tayari kwenye daftari la Bi. Pelagia. Kila alipochukua sampuli aliandika upepo unatoka wapi, kwa kutazama kitambaa alichokifunga kwenye mlingoti. Upepo wa ziwani ulileta vipimo vya chini. Upepo wa asubuhi unaoteremka kutoka bondeni, upande wa mashariki, ulileta vile vya juu. Na bonde hilo lilikuwa limebadilika. Katika msimu wa 1993 kwenda 1994 familia kadhaa za Wasukuma waliohamia na mifugo yao walichimba majaruba, wakajaza maji, wakapanda mpunga mahali palipokuwa majani matupu. Alikuwa ameliandika hilo pia, tarehe ya maji kuingia na tarehe ya mavuno, ingawa fomu yetu haikuwa na nafasi ya habari kama hizo.

Ilibaki kupima mpunga wenyewe. Tulitengeneza sanduku la plastiki angavu, refu kufika kiunoni, la kufunika mashina machache kwa nusu saa huku hewa yake ikivutwa mtungini. Jaruba lililofaa lilikuwa la mama mmoja aitwaye Nyanzala, naye hakutaka. Bi. Pelagia alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza Nyanzala alisema shamba siyo la serikali. Mara ya pili alisema watu watafikiri mpunga wake una ugonjwa na hawatanunua. Mara ya tatu alisema lililokuwa moyoni.

"Nyie mkichukua pumzi ya mpunga wangu, mpunga utabaki na nini?"

Bi. Pelagia hakumcheka. Alimweleza kwamba gesi hiyo inatoka yenyewe kila siku, ichukuliwe isichukuliwe, na kwamba kinachoingia mtungini ni kidogo kuliko harufu inayotoka kwenye sufuria ya wali. Kisha akapendekeza wachague vipande viwili vilivyo sawa, kimoja kiwekewe sanduku na kingine kisiwekewe, na wakati wa mavuno wapime vyote viwili kwa debe moja. Kile chenye sanduku kikipungua, sanduku halitarudi. Nyanzala aliona hilo ni la haki. Alidai jambo moja zaidi: siku za kupima Bi. Pelagia asaidie kupalilia. Kwa hiyo msimu wote wa 1995 mpimaji wetu mwandamizi alikuwa ndani ya matope, jembe mkono mmoja na saa mkono mwingine.

Mitungi ilipofika, niliipima mwenyewe na sikumwachia mtu. Kutoka kwenye sanduku namba 142 ilipanda juu hata ikabidi nipunguze kasi ya kalamu ya mashine. Namba 156 ilikuwa bapa kabisa. Mpunga ulipokuwa mchanga gesi ilikuwa nyingi, ulipokomaa ikapungua, na majaruba yalipokaushwa ikakaribia kwisha. Nilimpigia simu kupitia posta ya Mpanda. Tulisubiriana muda mrefu hadi alipoitwa. Nilimsomea namba moja baada ya nyingine, naye akazirudia akiziandika. Nilipomaliza aliuliza kama nimeupima na mtungi wa kulinganisha. Nilisema ndiyo, mara mbili. Akasema basi sawa, akakata, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na foleni.

Mavuno ya Nyanzala yalipimwa kwa debe mbele ya majirani. Kipande chenye sanduku kilitoa sawa na kile kingine. Kituo hakikufungwa.

Ripoti yetu ilitoka mwaka 1997. Inaonyesha kwamba hata bara, mbali na bahari, ardhi yenye maji na mpunga hurudisha iodini hewani kwa kiasi cha kupimika. Waandishi wake ni watano, na jina la pili ni P. Celestin. Mtaalamu mmoja wa nje alituandikia akiuliza Dkt. Celestin alisomea wapi. Tulimjibu kwamba ni Bibi, na kwamba alisomea Mpanda.

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilikata barabara ya kwenda ziwani kwa wiki tisa. Alikuwa upande wa Kapalamsenga zilipoanza, akabaki huko. Hatukupata mtungi hata mmoja wa huko, tukadhani mfululizo wa vipimo umekatika. Machi likafika sanduku moja zito: mitungi tisa, kila mmoja na tarehe yake, kila mmoja wa Jumanne, siku ya kuchukua sampuli huko. Ndani aliweka karatasi ya kuomba radhi kwa sababu wa wiki ya sita ulichukuliwa saa nne badala ya saa moja. Kilima kilikuwa kinateleza.

Nisingependa asomeke kama mtu asiye na kasoro. Hakubali kutumia kompyuta, na ameificha ile tuliyompelekea chini ya kitambaa cha meza. Anawasahihisha wakubwa mbele za watu. Dereva wetu Shadrack ataeleza, akiulizwa, jinsi alivyoshushwa njiani kwenda kunawa mikono kwa sababu alikuwa ameshika petroli karibu na mitungi.

Mwezi wa tano tulimuuliza angependa zawadi gani. Wafanyakazi walikuwa wamekubaliana juu ya mabati, kwa kuwa anajenga Kapalamsenga na Bwana Silvesta ameshatangulia huko kusimamia mafundi. Alishukuru, akasema mabati ni mazuri, ila kuna kitu angekitaka kabla ya mabati. Nasma Haidari, mama wa watoto watatu, amekuwa akichukua sampuli za Misunkumilo kwa miaka minne akiwa kibarua. Bi. Pelagia alisema hawezi kumwachia funguo mtu ambaye anaweza kuambiwa Jumatatu asirudi. Kama mradi una zawadi, umpe Nasma ajira ya kudumu.

Mkuu wa mradi alimweleza kwamba zawadi ni ya anayestaafu na ajira ina utaratibu wake. Bi. Pelagia akamjibu kwamba anaufahamu utaratibu, kwa hiyo ameleta fomu. Zilikuwa zimejazwa zote, nakala tatu, zikikosa saini ya mkuu tu.

Barua ya ajira ya Nasma ilitoka tarehe 11 Juni, na alipoipokea aliisoma kwa sauti ofisini, hadi kwenye muhuri. Mabati nayo yameshapakiwa, tumejichangisha sote, yatafika Kapalamsenga kabla ya mwenyewe.

Mama Pelagia, kwa niaba ya maabara, vituo na wote waliowahi kusahihishwa na wewe, asante kwa kazi. Tunakuombea afya, nyumba isiyovuja, na asubuhi nyingi za kuamka muda unaotaka. Usipopenda chochote katika maelezo haya, unajua pa kunipata, na mlango uko wazi.

Ezekia Nathanael
Mchambuzi, Maabara ya Gesi
Dar es Salaam, Juni 1999